Mita Mia Nne na Kumi na Mbili za Bibi Nakundwa

Dzz. Kimya. Dzz tena, na kijiko kikalia juu ya sinia.

Nililala nikisikiliza. Alfajiri ilikuwa bado na giza lake, na mwanangu Nakiete alikuwa amenikandamizia goti mbavuni. Nikadhani ni panya. Kisha sauti ya kike, laini kama ya muuza manukato, ikasema kutoka jikoni kusiko na mtu:

"Hongera, Nakundwa Mbwambo. Jana umepanda mita mia nne na kumi na mbili. Daraja lako la masika ni: Anapanda."

Niliketi kitandani.

Nakundwa ni mama mkwe wangu. Jana asubuhi nilimwacha amekaa kwenye kigoda anachambua maharage, na jioni nilimkuta kwenye kigoda kilekile, maharage yakiwa yamekwisha. Goti lake la kulia limevimba tangu mavuno. Kwenda chooni anaenda akishika ukuta, na akirudi anapumzika kana kwamba ametoka Same mjini. Kutoka mlangoni kwetu, ukipanda mita kama mia nne, unafika kwenye ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Hatua chache mbele yake kuna Kimbilio, jengo la mawe tunalotakiwa kuingia wote king'ora kikilia na mlima ukianza kuteleza.

Nikaenda jikoni, nikawasha taa, nikaitazama bangili ya kata, ile inayopima tunavyopanda. Ilikuwa juu ya sinia, karibu na kijiko, ikimeremeta kijani. Ilikuwa yake kweli. Jina limechongwa kwa ndani.

"Mama," nikaita mlangoni kwake. "Shikamoo. Umelala?"

"Marahaba. Ningekuwa nimelala, nani angekuitikia?"

"Jana ulikwenda wapi?"

"Msaragamboni."

Alilisema kama mtu aliyeulizwa kama amekula.

"Wewe? Ulikwenda msaragambo?"

"Nisiende kwa nini? Ukingo wa ndiva ukibomoka, maji ya maharage utayaleta wewe na hicho kishikwambi chako?"

"Ulikwenda kwa miguu?"

"Mama Nakiete, umeshaona msaragambo wa kwenda kwa punda?" Akageukia ukutani na kujivutia blanketi. "Nilifika wa tatu. Kaulize."

Nilisimama pale nimeshika bangili, sijui niicheke au niiogope. Mimi ni mtu wa Kongwa. Kwetu ardhi imelala kama mkeka, na mambo ya mlima nimeyakuta kwa kuolewa. Msaragambo naujua kwa juujuu: baragumu linalia, kila nyumba inatoa mtu, mnafukua matope ya ndiva pamoja, mnakula pamoja. Lakini siku zote baragumu hunikuta kazini. Na huyu mama hawezi kudanganya. Hata mgeni akimkuta anakula na yeye hataki kumkaribisha, anamwambia.

*

Kazi yangu ni usahihishaji. Kituo cha kata kina watu wawili, mimi na mkaguzi wetu, Bwana Mrindoko. Kila asubuhi tunapokea safari za bangili zote za huku mlimani, na mimi natafuta zile zilizodanganya. Niliisomea jioni, miaka miwili, Nakiete akilala chini ya dawati langu juu ya kanga.

Bangili haijui mlima. Hilo ndilo la kwanza tulilofundishwa, na ndilo watu hawaamini. Inachojua ni uzito wa hewa. Ina kitundu ubavuni, kidogo kuliko tundu la sindano, na hewa ikiingia humo inapimwa. Ukipanda kama mita kumi, hewa inakuwa nyepesi kidogo. Ukishuka, inakuwa nzito. Bangili inajumlisha kupanda tu, kushuka haikuhesabu. Ndiyo maana mtu akipanda, akashuka korongoni, akapanda tena, jumla yake inapita urefu wa mlima wenyewe, naye hajadanganya mtu.

Kwa hiyo nilianza na mvua. Mawingu mazito yakija, hewa hupungua uzito, na bangili iliyo kitandani inaweza kudhani imepanda kilima. Nikafungua kipimo cha kituo cha jana. Hewa ilikuwa imetulia kutwa nzima, kama maji ya mtungini.

Nikafikiria kitundu. Wanawake wa hapa wanakanda unga na bangili mkononi, kitundu kinaziba, halafu kinazibuka ghafla na namba zinaruka. Lakini namba zake hazikuruka. Mstari wake ulipanda taratibu kuanzia saa mbili asubuhi. Ukapumzika. Ukashuka korongoni, mita thelathini na mbili. Ukapanda tena. Saa nne kasoro ulikuwa kwenye ndiva.

Ulikuwa mwendo wa mtu. Tena mtu mwenye magoti mazima.

"Kaka Mrindoko, hebu njoo uone."

Akaja na kikombe chake cha chai, akainama. Ni mtu mpole, ila uso wake daima uko kama anayesikiliza habari za msiba.

"Huyu si mama mkwe wako? Safi. Hongera zake."

"Haendi hata kwa jirani."

"Basi jana alikwenda."

"Sasa tazama hapa." Kwa kawaida tunatazama mistari iliyokwisha kulainishwa, na kila kupanda kusikofika mita tatu kunatupwa. Hicho tunakiita kizingiti. Bila hicho, upepo, mlango unaofunguliwa, hata mtu kuinua mkono ajikune kichwa, vyote vingehesabiwa kuwa milima. Nikakiondoa kizingiti, mstari mbichi ukatokea. Kuanzia saa nne hadi saa saba, kule juu kwenye ndiva, ulikuwa na meno kama kitana. Juu mita moja na nusu, chini mita moja na nusu. Mamia ya meno.

Mrindoko akasahau chai yake. "Alikuwa anaruka?"

"Bibi wa miaka sabini na mbili?"

"Labda walikuwa wanacheza ngoma."

"Saa tatu mfululizo, kaka?"

Kwa mchezo tu nikaweka kizingiti cha mita moja. Jumla ikaruka hadi elfu mbili na mia tisa. Kwa kizingiti hicho mama mkwe wangu alikuwa mpanda milima wa kuogopwa. Nikakirudisha kizingiti haraka, kwa aibu. Halafu nikafungua siku zake za kweli, zile za kigoda na maharage. Kwa kizingiti cha mita tatu alikuwa na mita sita kwa siku. Kwa mita moja, mia na thelathini, maana uwanja wetu una matuta. Kwa nusu mita, mia nne na sitini, na humo zilikuwemo saa alizokuwa usingizini.

Nilitazama zile namba tatu mpaka zikapoteza maana. Mama yuleyule, kigoda kilekile. Nani aliamua kwamba mlima unaanzia mita tatu?

"Sikiliza, Mama Nakiete," akasema Mrindoko, sauti chini ingawa tulikuwa wawili. "Orodha ya madaraja ya masika inasomwa kesho saa nne. Machela za kata ni tisa, na majina ya Anabebwa yamefika tisa. Ukimtoa mama kwenye Anapanda, wa kumi hana machela. Atashushwa kwenye nyumba za bondeni mpaka masika yaishe. Peke yake, na joto lile. Mwaka jana waliteremka saba."

Hakusema walirudi wangapi. Nilijua. Wanne.

"Na nikimwacha?"

"Ukimwacha, mlango wenu una taa ya kijani."

Taa ziko juu ya kila mlango. King'ora kikilia, vijana wa uokoaji wanakimbilia kwenye taa nyekundu. Mlango wa kijani haugongwi, maana waliomo wanajiweza.

"Hakuna njia ya tatu?"

Akakuna shingo. "Kuna kifungu cha wabebaji. Watu wazima wanne wanaokaa karibu wanamchukua mtu kwa majina yao, wanampandisha hadi Kimbilio mbele ya mkaguzi, ndani ya saa moja. Hakijawahi kutumika. Kila mtu ana wa kwake wa kubeba. Na wewe ukiwa mmoja wa wanne, mikono yote iko kwenye mpini. Nakiete atashikwa na nani?"

*

Nilirudi jioni nikapita uani kwa nyuma, ili nisiione ile taa. Nakiete alikuwa anakimbiza kuku. Bibi alikuwa kwenye kigoda. Ukutani, kando yake, kulikuwa na jembe lenye udongo mweusi mbichi. Udongo wa uani kwetu ni mwekundu.

"Mama, hili jembe la nani?"

"Langu."

"Limetoka wapi na matope haya?"

"Wewe mtoto una nini leo? Si nimekwambia tangu alfajiri? Msaragamboni!"

Mama Tumsifu, jirani yetu, alikuwa amesimama kwenye ua na debe la maji kichwani. Akaanza kucheka mpaka maji yakamwagika begani.

"Jamani, huyu wa Kongwa! Hamkumfundisha?" Akatua debe. "Sikia, mwenzangu. Mzee asiyeweza kupanda anatuma jembe. Anayelibeba analima zamu mbili, ya kwake na ya mwenye jembe. Jembe likifika, mwenyewe amefika, analetewa hata sehemu yake ya chakula. Jana la mama nilibeba mimi."

"Lilikuwa la tatu," alisema Bibi.

"La tatu, mama. Sikulizembea."

Kitu kilikuwa kinakuja kichwani mwangu, polepole, kama mtu anayepanda na mzigo. "Na bangili?"

"Bangili ipi?" Bibi akatazama mkono wake. "Ah. Majembe yote yanafanana, lazima uweke alama. Zamani nilifunga kitambaa chekundu, ng'ombe wa Baba Tumsifu akakila. Basi nikafunga hiyo. Si ina jina?"

Yale meno ya kitana! Juu mita moja na nusu, chini mita moja na nusu. Lilikuwa jembe likiinuliwa na kushuka. Hakuna aliyeruka, hakuna aliyecheza ngoma, wala hakuna aliyedanganya. Nilicheka nao mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikakaa chini, kwa sababu yale machozi hayakuacha.

Nikawaeleza yote: orodha, taa, bondeni, kifungu cha wabebaji. Mama Tumsifu aliacha kucheka.

"Basi nyamaza," akasema Bibi. "Hesabu imejifanya yenyewe. Jembe langu, bangili yangu, mlima wangu. Uongo uko wapi?"

"King'ora kikilia nani atakuja, mama?"

"Nani aje? King'ora kikilia, wewe unashika mkono wa mtoto, unapanda. Hugeuki. Mimi nimekula maharage ya mlima huu miaka sabini. Bondeni siendi. Kule watu wanakufa kwa kutazama dari."

"Kwa hiyo niandike unapanda, halafu nikupite mlangoni?"

Alichukua ungo akaanza kuchambua maharage yaliyokuwa yamekwisha kuchambuliwa.

Nilimtazama Mama Tumsifu. Yeye alitazama debe lake. "Mimi na mume wangu tunaweza," akasema. "Na shemeji yangu Nanzia, yuko hapo chini. Hao ni watatu. Wa nne, ndugu yangu, ni wewe. Baba Nakiete akiwa huko Handeni kwenye visima, ni wewe tu."

Usiku ule nilipima mikono yangu. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilimshika Nakiete mkono akiwa amelala, nikafikiria mvua, giza, tope. Kisha nikafikiria kuuachia. Kishikwambi kilikuwa kando, kizingiti kikiwa tayari chini ya kidole changu. Nusu mita tu, na Bibi angekuwa Anapanda kwa siku zake za kweli, bila jembe la mtu. Na ningeweza kulitetea darasani. Hilo ndilo lililonitisha: ningeweza kulitetea, nalo lisingemwinua Bibi hata ngazi moja.

*

Orodha ilisomwa uwanjani mbele ya kituo. Utaratibu ni kwamba jina linatajwa na daraja lake, na mtu wa nyumba ile anajibu kwa sauti, "Ndivyo," au "Sivyo." Watu wote husema ndivyo.

"Nakundwa Mbwambo. Anapanda."

Bibi alikuwa ameletwa kwenye kiti. Alifungua kinywa.

"Sivyo," nikasema mimi.

Vichwa viligeuka. Nikaeleza habari ya jembe, maneno yakigongana mdomoni. Wengine wakacheka, mzee mmoja akauliza jembe lake la mwaka juzi mbona halikupewa daraja. Bibi hakunitazama. Mrindoko alipekua orodha kwa kalamu yake, uso wa msiba ukiwa mahali pake.

"Machela zimejaa," akasema.

"Tunaomba kifungu cha wabebaji. Mama Tumsifu, mumewe, Nanzia, na mimi."

"Na mtoto wako? Hajafika miaka saba, hana bangili. Sheria inataka ashikwe mkono, au apande mwenyewe macho yangu yakimwona."

"Basi mtazame."

Sijui nani alilisema neno lile. Sauti ilikuwa yangu.

Tuliondoka mlangoni kwetu saa tano na dakika tano. Machela ilikuwa miti miwili na gunia lililoshonwa mara mbili, na Bibi juu yake, amefumba macho na kushika kingo, anatukana polepole kwa Kipare. Mimi na Nanzia tulikuwa nyuma. Nakiete alikuwa mbele, peke yake njiani, na gauni lake la shule. Mrindoko alikuwa kando, saa mkononi, na hakuruhusiwa kumgusa.

Miaka miwili nimehesabu kupanda kwa watu. Sikuwahi kujua kwamba mita moja ina uzito. Mpini ulinikata begani, jasho likaingia machoni, na kila mara nilipoinua kichwa nilitafuta lile gauni. Lipo. Lipo. Halipo. Lipo, nyuma ya mgomba.

"Usimwite," alihema Nanzia. "Ukimwita atarudi."

Korongoni njia inashuka, unavuka juu ya mawe matatu, kisha inapanda wima. Nakiete alifika kwenye mawe akasimama. Akageuka kunitazama. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye mti, na juu ya mti alikuwa bibi yake. Nilitaka kusema kitu, sikujua kipi. Njoo? Nenda? Mimi mama gani?

"Kaka Mrindoko," nikasema.

"Siruhusiwi," akajibu.

Nakiete alitazama maji. Kisha akaketi juu ya jiwe la kwanza, akasogea kwa makalio hadi la pili, gauni likilowa, akasogea hadi la tatu. Akaparamia ng'ambo kwa mikono na magoti kama mbuzi. Hakugeuka tena.

Baada ya pale sikumwona. Ukingo ulikuwa mkali, tulipanda tukitazama visigino vya walio mbele. Mrindoko alikuwa ametangulia. Baba Tumsifu aliteleza mara moja, machela ikainama, Bibi akashika kilemba changu badala ya ukingo, na tukaendelea hivyohivyo, mkono wake kichwani kwangu. Alikuwa ameacha kutukana. Nilisikia pumzi yake. Nilihesabu hatua, nikapotea, nikaanza upya. Sikuwa na habari kama saa moja imepita au la, kama mtoto yuko juu au yuko kwenye kichaka fulani analia, kama nimefanya jambo jema au nimewapoteza wote wawili kwa siku moja.

Kisha ardhi ikawa sawa chini ya miguu yangu. Nikaona mawe ya ukuta. Nikaona viatu vya Mrindoko, na kando yake miguu miwili midogo, mitupu, yenye tope mpaka magotini.

Tuliishusha machela. Mrindoko alitazama saa yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji kutazamwa, akaandika "Anabebwa" kando ya jina la Bibi, akajifuta macho kwa mkono wenye kalamu. Bibi alikuwa bado amefumba macho, anahema, mkono wake umekamata kilemba changu, na mimi sikuthubutu kuutoa.

Nakiete akainama juu yake na kumshika shavu.

"Bibi, fumbua macho, tumefika."